Foto ya kashe: kisa cha ghala la unga na plani 14

Karani alipitisha kidole juu ya muhuri, akakitazama, akakipitisha tena kwa nguvu zaidi. Wino haukutoka. Akaigeuza karatasi, akatafuta mgongoni mwake alama ya mkandamizo. Hakuna. Akairudisha juu ya rundo, akasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyekosea nyumba: "Mwanangu, hii ni foto ya kashe. Kashe yenyewe iko wapi?"

Hapa Lubumbashi muhuri tunauita kashe, na barua isiyo na kashe ni maneno ya mtu tu. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha lile la vibali vya ujenzi na plani 14, yaani michoro, za ghala la chuma, kila moja nakala 4, jumla karatasi 56 za A1 zilizokunjwa vizuri. Kila karatasi ilikuwa na muhuri wa duara wa injinia wa Florida, Marekani, uliotoka kwenye mashine ya kuchapia pamoja na mistari mingine yote, mweusi ule ule. Nyuma yangu alisimama Mama mwenye mali, mkoba kifuani, akihesabu siku zilizobaki kabla ya mvua.

Kila ninapokisimulia kisa hiki, watu humcheka karani. Mimi pia nilimcheka, mpaka jioni ya siku ile ile.

Mama anauza unga wa mahindi kwa jumla. Mji huu haulali bila bukari, ndio ugali wetu, na unga mwingi, hata mahindi yenyewe, huingia kwa malori kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Kwa miaka mingi alikuwa akipanga vyumba vya watu Kampemba na Katuba kuhifadhi mifuko yake, na kila msimu wa mvua alipoteza mingine kwa maji, mingine kwa panya. Mwishowe akanunua kiwanja upande wa Ruashi. Mdogo wake anayeishi Florida akampatia kiwanda kinachouza maghala ya chuma yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa: nguzo, mihimili, bolti na mabati, vyote ndani ya kontena, ukifika unaunganisha. Ukubwa wake futi 60 kwa 100, yaani mita 18.29 kwa 30.48. Pamoja na chuma kulikuja plani zilizotengenezwa na injinia wa kiwanda na kufungwa kwa saini yake ya kidijitali. Mama alizilipia plani hizo peke yake, mbali na chuma, na hakuliona jambo hilo kuwa dogo.

Mimi ni mchora plani katika biro ndogo, yaani ofisi. Mkubwa wangu kila mtu humwita Papa Injinia, na mimi ndiye ninayetembeza dosiye, yaani majalada ya maombi. Kwa hiyo siku ile mbele ya dirisha nilikuwa na hoja tayari, tena hoja ya sheria. Nilimwambia karani kwamba tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu, Kongo, ina Sheria ya Dijitali, ile Code du numérique, Amri-sheria namba 23/010, na kwamba kwa sheria hiyo maandishi ya kielektroniki yana nguvu ya ushahidi sawa na ya karatasi, mradi mwenye kuyaandika ajulikane na maandishi yabaki kama yalivyokuwa. Niliyasema hayo kwa sauti, watu wa foleni wasikie.

Karani hakubisha. Aliuliza tu: "Na hii uliyoniletea ni ya kielektroniki au ni karatasi?"

Sikuwa na jibu. Kijana wa staji, anayejifunza kazi, aliyekaa pembeni yake, aliyejua Kiingereza kidogo, akaichukua karatasi ya kwanza na kuanza kusoma herufi ndogo zilizoandikwa kando ya muhuri. Alisoma polepole, akitafsiri neno kwa neno. Yalisema kwamba plani hii imetiwa saini na muhuri kwa njia ya kidijitali na injinia fulani; kwamba nakala zilizochapwa za plani hii hazihesabiwi kuwa zimetiwa saini wala muhuri; na kwamba saini lazima ihakikiwe kwenye nakala ya kielektroniki.

"Basi si mimi niliyeikataa," karani akasema. "Imejikataa yenyewe."

Foleni ilicheka. Maneno yale si ya injinia kujipamba. Kanuni ya jimbo la Florida kuhusu mihuri ya wainjinia inamtaka anayetia saini ya kidijitali aandike maneno ya namna hiyo kando ya saini. Injinia alitii kanuni ya kwao, na utii wake ukatuangusha sisi Lubumbashi.

Kabla ya kuturudishia, karani alifanya jambo moja zaidi ambalo wakati ule nililiona kuwa kuchokonoa tu. Alitoa rula ya vipimo, ile ya pembe tatu, akailaza upande wa 1:100 juu ya ukuta mrefu wa ghala. Akasoma mita 29 na kidogo. Akatazama namba iliyoandikwa na mimi kwa penseli pembeni: 30.48. Akanitazama. Hakusema neno, akafunga dosiye kwa kamba yake.

Jioni, bironi, nilitegemea Papa Injinia akasirike pamoja nami. Alimpa Mama kiti, akamwuliza swali ambalo halikuhusu plani hata kidogo: "Mama, lori lako likitoka Zambia na kontena, kwenye mlango wanatia nini?"

"Plombe," Mama akasema. Kila mfanyabiashara wa njia ya Kasumbalesa anaijua: kile kifungo cha chuma chenye namba, ambacho hakifunguki bila kukatwa.

"Dereva akikuletea foto ya plombe kwenye simu, wewe utasaini kwamba mzigo haujafunguliwa?"

"Siwezi! Nitaenda kuigusa mwenyewe, na namba nisome."

"Ndivyo alivyofanya papa wa dirishani. Alitaka kuigusa."

Nimesoma maelezo mengi ya saini ya kidijitali, mengine marefu, na sijaona lililoishinda plombe hiyo. Maana yake ni hii. Injinia anapotia saini, programu hulipitia faili lote, alama moja baada ya nyingine, na kutoa muhtasari wa namba. Kwa njia inayotumika sana, ile ya SHA-256, muhtasari huo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, liwe faili la ukurasa mmoja au la kurasa elfu. Badilisha nukta moja kwenye plani, na muhtasari wote unageuka. Kisha muhtasari hufungwa kwa ufunguo wa siri alio nao injinia peke yake, na yeyote mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuhakikisha ni yeye aliyeufunga. Hesabu yenyewe si ngeni. Mojawapo ya njia zake, inayoitwa RSA kwa majina ya mabwana watatu walioibuni, ni ya mwaka 1977. Plombe hiyo inakaa ndani ya faili na haionekani kwa macho. Kile kiduara chenye jina na namba ya leseni, kinachopendeza pembeni mwa plani, ni picha tu iliyowekwa ili mtu ajue kuna kitu cha kutafuta. Mashine ya kuchapia inachukua picha na kuiacha plombe ndani ya kompyuta.

Kwa hiyo hoja yangu ya sheria ya 2023 ilikuwa nzuri na haikuwa yangu. Sheria inalipatia nguvu andiko la kielektroniki lenye mwandishi anayejulikana na lisiloguswa. Mimi nilipeleka kitu kingine kabisa: karatasi iliyotoka duka la fotokopi, na yule mtu wa duka hakuwa injinia wala hakuapa popote. Sheria niliyomtishia nayo karani ilikuwa upande wake.

"Basi tumpelekee faili," nikasema. "Ninalo kwenye flashi."

Papa Injinia akaichomeka flashi. Kisa kingeweza kwisha pale, kama faili lingekuwa na saini.

Halikuwa nayo. Picha ya muhuri ilikuwepo kwenye kila ukurasa, safi kabisa, lakini programu haikuona saini yoyote. Tulijaribu kompyuta ya pili, hivyo hivyo. Mama akaanza kumshuku mdogo wake, mimi nikaanza kukishuku kiwanda. Papa Injinia alitaka jambo moja tu, nimweleze faili lilifikaje mikononi mwangu, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Nikasimulia. Kiwanda kilituma faili moja la kurasa 14 kwa barua pepe kwa mdogo wake Mama. Faili lilikuwa zito, na simu ya Mama ina mega za kuhesabu. Yule ndugu, kwa wema wake, akalikata faili vipande, ukurasa mmoja mmoja, akavituma kwa WhatsApp. Mama akanitumia mimi. Mimi nikaviunganisha tena kuwa faili moja ili mtu wa fotokopi achape kwa mkupuo. Yeye naye, karatasi za Kimarekani zilipogoma kuingia kwenye A1, akabonyeza kile kitufe cha "tosheleza ukurasa".

Yaani plombe ilikatwa Florida, kabla hata ya kupanda ndege. Kulikata faili, kuliunganisha, kulihifadhi upya kwa njia ya kuchapa: kila moja ya kazi hizo huzaa faili jipya lisilo na saini, hata kama kwa macho ni lile lile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mtu alisaidia.

Na rula ya karani ikapata maelezo yake. Karatasi kubwa ya wachora plani wa Marekani ina upana wa inchi 24 na urefu wa 36, sawa na milimita 610 kwa 914. A1 yetu ni 594 kwa 841. Ukiibana ile iingie hii, kila kitu kinapungua kufikia asilimia 92 hivi. Plani ilichorwa kwa kipimo chao cha thumni ya inchi kwa kila futi, ambacho kwetu ni 1:96. Ukuta wa mita 30.48 ulipaswa kuwa na urefu wa milimita 317 na nusu kwenye karatasi, ukawa 292. Karani, na rula yake ya 1:100, akasoma mita 29.2. Alichopima kilikuwa sahihi. Plani ndiyo iliyokuwa haina kipimo chochote duniani.

Hayo bado ni mambo ya karatasi. Linalonikosesha raha hadi leo ni la ukurasa mmoja wa plani, ule wenye namba S2.

Tulimpigia ndugu wa Florida usiku ule ule, kwao bado jua lipo, tukamwomba atutumie barua pepe ya kiwanda kama ilivyo, bila kuigusa. Faili lilipofika, kompyuta ya biro ikasema kwanza cheti cha saini "hakijaanza kutumika". Papa Injinia akacheka peke yake: betri ya ndani ya kompyuta ile imekufa zamani, umeme ukikatika saa yake hurudi mwaka 2009. Tukarekebisha tarehe. Sasa ikasema uhalali "haujulikani", maana ilikuwa haijawahi kuingia mtandaoni kuchukua orodha ya watoa vyeti wanaoaminika. Tukaiunganisha na simu yangu, tukangoja. Mwishowe: saini ni halali, faili halijabadilishwa tangu litiwe saini. Nayasimulia haya yote ili anayedhani kuhakiki ni kubonyeza kitufe ajue. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua anachotafuta, na karani ana foleni.

Kisha Papa Injinia, kwa mazoea yake ya kutoamini, akalaza karatasi zetu mezani, akafungua faili halali kwenye kioo, akaanza kulinganisha ukurasa kwa ukurasa. S1 sawa. S2 akasimama.

Kwenye karatasi yetu, kila nguzo ilikuwa imefungwa kwenye msingi kwa bolti 4 za robo tatu ya inchi, milimita 19. Kwenye faili halali, bolti 4 za inchi moja, milimita 25. Muhuri ule ule, jina lile lile, pembe ile ile ya karatasi.

Ilichukua simu nyingine kuelewa. Mwanzoni Mama aliagiza ghala lililofungwa pande zote, na kiwanda kikamtumia rasimu aitazame. Baadaye akaona malori hayatapata pa kugeukia, akaomba upande mmoja wa mbele uwe wazi, mpana. Kwa mteja hilo ni kuondoa mabati machache na kupunguza gharama. Kwa upepo ni habari nyingine. Ghala likifungwa, upepo hupita juu na kulivuta paa kidogo. Likiwa na mdomo mpana upande mmoja na hakuna pa kutokea, upepo huingia na kujaa, ukalisukuma paa kutoka ndani wakati ule wa nje unalivuta, kama mwavuli uliogeukia upepo. Kwenye ASCE 7, kanuni ya Marekani ya mizigo ya majengo, kigezo cha msukumo wa ndani ni 0.18 kwa jengo lililofungwa, na hupanda hadi 0.55 kwa lililo wazi nusu. Zaidi ya mara tatu. Ghala la chuma ni jepesi. Kinacholizuia lisiondoke ni uzito wa msingi na bolti zinazolishika nao. Ndiyo maana injinia alinenepesha bolti, akabadilisha S2, ndipo akatia saini.

Ndugu wa Florida, alipokuwa akituma kurasa, alikumbuka kwamba S2 alikwisha kumtumia dada yake wiki kadhaa nyuma, ile ya rasimu. Akairuka, kuokoa mega.

Na kwa nini rasimu ilikuwa na muhuri? Kwa sababu wachoraji wa kiwanda waliiweka picha ya muhuri kwenye fremu ya karatasi, ile yenye jina la mradi na tarehe, ikawa inatokea kwenye kila kinachochorwa, kimetiwa saini au hakijatiwa. Hilo ni kosa lao, na si dogo. Ila maofisini kwetu nimeona mambo ya jinsi hiyo pia, kashe iliyoskaniwa ikikaa kwenye kompyuta ya katibu, tayari kubandikwa kwenye barua wakati mkubwa yuko safarini.

Basi rundo alilolikataa karani lilikuwa na plani 13 zilizopoteza saini njiani na moja ambayo haikuwahi kuwa nayo. Hakuna jicho, la karani wala la injinia, lingeweza kuzitenganisha kwenye karatasi. Karani hakujua lolote la bolti. Alikataa kwa sababu kidole chake kilitoka kikavu. Lakini angepokea, kama nilivyotaka kwa kelele zangu, fundi wa msingi angepewa S2 ile, na mimi ndiye ningempelekea.

Sitaki kumfanya karani kuwa nabii. Wino wa buluu anaouamini ni ushahidi dhaifu kuliko saini ya kidijitali, tena kwa mbali. Kashe ya mpira inachongwa kando ya barabara hapa mjini, unangoja huku unakula karanga. Mwenye kashe ya kuchonga anaweza kuipiga kwenye plani yoyote, na siku ya pili fundi akaongeza ghorofa kwa kalamu. Saini ya kidijitali ingeyaona yote hayo mara moja. Nguvu ya wino wake iko kwingine: kwa kila kashe anayoipokea, karani anaweza kuuliza mwenyewe anakaa wapi. Anawajua wainjinia wa mji huu. Anajua nani biro yake iko nyuma ya soko na nani alihamia Kolwezi. Jengo likiinama, kuna mlango wa kugonga. Muhuri wa Florida, hata ungekuwa wa wino mbichi, mlango wake uko ng'ambo ya bahari, tena leseni ile inatoka jimbo moja tu. Injinia huyo hawezi kuvuka kuingia Georgia, jimbo jirani, na kutia muhuri kabla Georgia haijampa leseni yake.

Hapo ndipo Mama alipouliza alichokuwa amekibana tangu asubuhi: "Kwa hiyo, papa, ile pesa ya plani niliitupa?"

"Hapana, mama. Ulinunua hesabu, na hesabu ni nzuri. Hukununua mtu wa kujibu hapa."

Niliona njia fupi, nikaisema: Papa Injinia apige kashe yake juu ya plani za Florida, tuchape upya kwenye karatasi ya kipimo, tumalize. Wengi hufanya hivyo. Aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. Kupiga kashe kwenye kazi usiyoifanya wala kuisimamia ni kuiuza kashe, na huko Marekani kwenyewe injinia anaweza kunyang'anywa leseni kwa jambo hilo. Mama naye akapendekeza injinia wa Florida asaini karatasi kwa mkono na kuzituma kwa posta ya haraka. Florida bado inaukubali muhuri wa wino. Ingekuwa ghali, na tungerudi pale pale: wino mzuri, mlango wa mbali.

Papa Injinia akafanya kazi yenyewe. Alichukua kutoka faili halali nguvu ambazo kila nguzo inausukuma na kuuvuta msingi, akazigeuza kutoka pauni kuwa kilonyutoni, akahesabu upya misingi kwa udongo wa Ruashi. Kwenye kona moja ya kiwanja palikuwa na kichuguu kikubwa kilichosawazishwa. Watu wa huku tunavipenda vichuguu, udongo wake ndio matofali yetu, ila kikishavunjwa na kutandazwa kinaacha udongo uliojazwa juu juu, na nguzo mbili zilikuwa zinaangukia hapo. Misingi yake ikashuka chini zaidi. Mimi nilichora upya, mita na milimita, 1:100, Kifaransa. Siku 9. Kwenye kila plani tuliandika kwamba fremu ya chuma inafuata faili la kiwanda, tukataja tarehe yake na ule muhtasari wa alama 64. Niliuandika mara moja, nikaunakili, kisha Papa Injinia akanifanya niusome kwa sauti, alama moja moja, yeye akifuata kwenye kioo.

Ule muhtasari ndio ninaoutetea hadi sasa. Nairobi na Kigali maombi ya vibali vya ujenzi hupita kwenye intaneti, faili linaingia kama faili, na swali la karatasi linapungua sana. Sisi bado tuna dirisha na kamba ya dosiye. Lakini kulinganisha muhtasari hakuhitaji intaneti wala orodha ya vyeti, na hata saa ya kompyuta ikiwa ya 2009 haidhuru. Kompyuta yoyote inalipitia faili na kutoa alama zile 64. Zikilingana na zilizo kwenye karatasi aliyoisaini injinia wa hapa, faili ni lile aliloliona yeye. Wengine wananiambia weka ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu. Nayo ni picha, inanakiliwa kama picha yoyote. Inafaa kama inakupeleka mahali ambapo plani yenyewe imehifadhiwa na mtu wa kuaminika, si kwenye ukurasa unaoandika tu kwamba "plani hii ni halali".

Tulirudi dirishani siku ya kumi na mbili. Joto lilikuwa limevunjika, mvua ya kwanza ilikwisha kunyesha usiku. Papa Injinia alikuja mwenyewe. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za watoto. Karani akapitisha kidole juu ya kashe ya kwanza, kikatoka na buluu kidogo. Akatoa rula, akailaza kwenye ukuta mrefu. "Thelathini na nusu," akasema, "karibu." Akaanza kugonga kashe yake ya mapokezi, karatasi baada ya karatasi, na mezani kila kitu kikiruka.

Kisha akafika kwenye bahasha ndogo iliyobanwa ndani ya jalada. Ndani yake mlikuwa na flashi yenye faili la Florida kama lilivyotoka kiwandani, na karatasi ya maelezo.

"Hii ni nini?"

"Ni plombe, papa," nikasema.

Papa Injinia akamweleza. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Akageuka kutazama meza yake: daftari, vikashe, kikombe cha chai, hakuna kompyuta. Kijana wa staji akasema anayo yake nyumbani. Karani akawaza, akachukua kalamu, akaandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa, kisha akaipigia mstari chini mara mbili: USIGONGE KASHE HAPA.